Aliyegeuza Karatasi

Vijana wa ofisini kwangu, ofisi ambayo sasa ni yao maana mimi huenda mara moja tu kwa juma kunywa chai na kuwasumbua, wakikosea mstari wanabonyeza kitufe. Mstari unatoweka. Hakuna aliyeuona, hakuna atakayeuliza. Nikiwaambia sisi tulifuta makosa kwa wembe, wanatazamana kama watoto waliosikia bibi yao anaanza tena. Na kweli naanza tena. Nimefika umri wa kuanza tena bila kuomba ruhusa.

Tulichora kwa wino mweusi, juu ya karatasi nene inayopitisha mwanga. Wino ukishakauka, raba haiufanyi kitu. Unashika wembe kwa ncha za vidole, unakwangua taratibu mpaka wino utoke na karatasi ibaki. Ukikaza mkono umetoboa, na kazi ya siku nne imekwenda na maji. Kisha unapasugua pale kwa ukucha, ili wino mpya usitawanyike. Ukucha wa kidole gumba changu cha kulia umekaa bapa mpaka leo kwa sababu hiyo, na sitaki kusikia mtu akiniambia ni uzee.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi. Wanaume wanne walikaa chumba cha mbele, penye madirisha makubwa. Wanawake watano tulikaa chumba cha nyuma, kilichoitwa chumba cha kunakili. Wao walichora kwa penseli, sisi tuliweka karatasi ya wino juu ya penseli yao na kuifuata mstari kwa mstari. Kazi hiyo ilisemwa ni ya kike, maana inataka subira na mkono mwepesi. Katikati, kwenye ujia, ilikaa mashine ya kuchapia ramani, inanuka amonia kuliko zizi, na mzee aliyeiendesha alitokwa machozi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mgeni akifika mara ya kwanza alimpa pole kwa msiba.

Basi nusu ya majengo ya mji ule yalipita mikononi mwetu. Lakini kwenye kona ya kila ramani palikuwa na visanduku vitatu: Imebuniwa na, Imechorwa na, Imekaguliwa na. Vyote vitatu vilijazwa na chumba cha mbele. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na yeye angalau alishona kilebo chake ndani ya kola.

Mwenye ofisi tulimwita Bwana Saini, si mbele yake. Alikuwa msanifu majengo mwenye shahada yake ukutani, lakini miaka niliyomjua mimi sikumwona akichora hata choo. Alikuja saa nne, akatia saini, akaenda kula na wateja, akarudi, akatia saini.

Na aliyechora nani? Dada Mkubwa. Ndivyo tulivyomwita wote, hata wanaume waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini, na penseli mbili zimechomekwa kwenye nywele, moja ngumu, moja laini. Alikuwa ameingia ofisini kama mnakili miaka kumi na tisa nyuma. Mwanzoni alifuata mistari tu. Baadaye akaanza kuona kwamba mistari yenyewe ina matatizo: ngazi inayompeleka mtu kugonga kichwa kwenye boriti, mlango unaofunguka ukazuia mlango mwenzake. Akawa anarekebisha kimyakimya huku ananakili. Bwana Saini alipogundua, hakukasirika wala hakushukuru. Akaanza kumletea karatasi yenye kisanduku kimoja na mlango mmoja, akisema, "Dada, hebu nikamilishie hii." Kukamilisha ilikuwa na maana ya kubuni jengo zima. Posta alikamilisha yeye. Shule mbili alikamilisha yeye. Saini ya nani, mnajua.

Mimi niliingia nikiwa na miaka kumi na tisa, mbichi kabisa. Nilipewa kazi ya kuchonga penseli na kuosha kalamu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sikulalamika. Lakini niliomba wino kila siku. Siku moja Dada Mkubwa akachoka, akafungua droo, akanikabidhi wembe wake. "Mtoto akililia wembe, mpe," akasema. Wenzangu wakacheka mpaka mzee wa mashine akaja kuchungulia. Tangu siku ile nilikaa ubao wa pili kutoka kwake, na nasema wazi, sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile tena. Nimekuwa na ofisi, nimekuwa na gari, nimekaa meza za mbele kwenye hafla. Lakini kukaa ubao wa pili kutoka kwa mtu anayejua kazi, mkisikia kalamu zenu zinakwaruza pamoja, hicho ni kitu kingine.

Mwaka ule ikatoka sheria ya usajili. Asiye na namba ya Bodi ya wasanifu majengo haruhusiwi kubuni jengo wala kuliita lake. Wenye shahada waliandikishwa moja kwa moja. Waliojifunzia kazini kwa miaka kumi na tano na zaidi waliachiwa mlango wa pembeni: mtu apeleke jengo moja alilolibuni mwenyewe, pamoja na barua ya mwajiri wake inayothibitisha kwamba ni lake. Mlango huo ungefungwa mwisho wa Juni, na usingefunguliwa tena. Kwenye orodha ya Bodi hapakuwa na mwanamke hata mmoja.

Dada Mkubwa aliomba barua mwezi wa pili. Bwana Saini alikuwa ameshawaandikia wanaume wawili, na mmoja wao nilimshuhudia kwa macho yangu akifundishwa na Dada Mkubwa namna ya kushika kalamu. Yeye akaambiwa, "Tutaona." Mwezi wa nne akaomba tena. Akaambiwa, "Dada, wewe ni nguzo ya ofisi hii, na nguzo haihami." Kilemba cha ukoka hicho. Alitusimulia huku anacheka kidogo, kisha akaenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji.

Wakati huohuo ikaja kazi ya kliniki ya wazazi. Kamati ya hospitali haikuwa na fedha za kumvutia Bwana Saini, naye alikuwa ameshikwa na jengo la benki, kwa hiyo akamtupia Dada Mkubwa vipimo vya kiwanja. "Nikamilishie hii."

Alichofanya sikuwahi kuona mtu wa chumba cha mbele akikifanya. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, alikwenda kliniki ya zamani, akakaa kwenye benchi na wajawazito, akawauliza kinachowaudhi. Nilikwenda naye mara mbili. Wakamwambia mwanamke mwenye uchungu hutembea, na ujia ule hauwatoshi wawili, kwa hiyo anayemshika mkono mwenzake anatembea kinyumenyume. Wakamwambia madirisha yako juu mno, ukilala unatazama bati tu. Wakamwambia chumba cha kujifungulia kiko karibu na barabara, na kila lori likipita unahisi limepita tumboni. "Wanaume wote waliochora wodi hizi," Dada Mkubwa akaniambia tukirudi, "hakuna aliyewahi kulala humo." Yeye alikuwa amezaa wawili.

Akachora jengo refu lenye ujia mpana katikati na kishikio ukutani. Madirisha yalishuka mpaka usawa wa kitanda. Chumba cha kujifungulia kilikaa mwisho wa mashariki, mbali na barabara, penye kivuli mchana. Magharibi, upande wa malori na jua kali, aliweka stoo na chumba cha kufulia. Alipomaliza penseli akaniita. "Mdogo wangu, hii ndiyo ningeipeleka Bodi kama ningekuwa na barua. Nataka uinakili wewe. Usiharakishe." Kisha akaenda siku tatu kumuuguza mama yake bila kuomba ruhusa, na kwenye kitabu cha ofisi nikamwandika mimi kwamba yupo.

Sikuharakisha. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimeharakisha ningekuwa na la kusema.

Karatasi ya penseli ni nyembamba sana, mistari inaonekana pande zote mbili. Kwa hiyo Dada Mkubwa alikuwa na desturi ya kuweka msalaba mdogo kwenye kona ya chini, kulia. Ukiuona kulia, uko upande sawa. Ukiuona kushoto, geuza. Mimi nilitandika karatasi ubaoni, nikaibandika kona nne kwa selotepu ya kahawia, na selotepu ikaufunika msalaba kabla sijautazama. Maandishi hayakuwepo, maana maandishi tuliandika sisi kwa wino kwa kufuata orodha: chumba kikubwa cha mwisho, kujifungulia, kile chenye mlango mpana, stoo. Mshale wa kaskazini ulielekea juu wima, na karatasi ukiigeuza, bado unaelekea juu. Nikanakili siku mbili na nusu, mkono hautetemeki, nikijisifu moyoni. Nilikuwa nimeigeuza. Mashariki yote ilikuwa magharibi.

Aliyepaswa kukagua ni Bwana Saini. Alikuja, akainama, akapuliza wino kuona kama umekauka, akatia saini. Mzee wa mashine akachapa nakala sita, na mchana huohuo zikaenda kwa mkandarasi.

Wiki tatu baadaye, katikati ya Juni, mkunga mkuu alipanda ngazi zetu na vumbi la kiwanja kwenye viatu. Hakusalimia. "Nani kati yenu ameamua wanawake wajifungulie barabarani?" akauliza. Kuta zilikuwa zimefika magotini.

Bwana Saini akaagiza ramani zote zitandazwe mezani. Dada Mkubwa akaweka penseli yake juu ya nakala. Mistari haikulingana. Akaishika nakala kwa kona mbili, akaipindua kifudifudi, akaishusha. Ikalala barabara, mstari kwa mstari. Kila aliyekuwepo alielewa. Mimi nilikuwa nimeelewa tangu mkunga aliposema neno barabara.

"Nani?" akauliza Bwana Saini.

Nikafungua mdomo.

"Mimi," akasema Dada Mkubwa.

Hakuniangalia. Alisema kama mtu anayejibu nani ameacha mwavuli. Naomba hili lieleweke, maana mjanja anaweza kudhani alikuwa na hesabu zake: wakati ule hapakuwa na hesabu yoyote. Alikuwa anajua kwamba mnakili wa mwaka mmoja akiharibu kazi kama ile hapati kazi tena popote, basi akasema yeye.

Asubuhi yake Bwana Saini alimwita mpiga chapa, akafunga mlango. Kamati ilikuwa imemwuliza inakuwaje yeye asaini ramani iliyogeuka, na kama kazi nyingine za ofisi ziko hivyohivyo, na mwenye benki naye alikuwa ameshasikia. Alipotoka alikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilimfukuza Dada Mkubwa kazi. Ya pili ilikwenda kwa kamati, na alitusomea wote, kwa sauti, ili tujue yeye ni mtu safi. Ilisema kwamba kliniki ile, tangu wazo la kwanza mpaka mstari wa mwisho, ilibuniwa, ikachorwa na kukaguliwa na mfanyakazi wake, akamtaja kwa majina yake yote matatu. Ilisema kwamba yeye Bwana Saini hakuwa na mkono wowote humo isipokuwa saini aliyoitia kwa kumwamini.

Miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza jina lake liliandikwa kwenye karatasi ya ofisi ile.

Dada Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba aione. Akaisoma, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akasema kwa adabu zote, "Bosi, naomba nakala yangu. Yenye saini na muhuri."

Bwana Saini alidhani anataka kuweka kumbukumbu ya aibu yake. Akampa. Hata muhuri aliugonga mara mbili, kwa hasira.

Mimi sikuelewa. Nilikwenda nyumbani nikakaa kando ya cherehani, nikamweleza mama yote. Mama hakuacha kukanyaga. "Umekata mikono miwili ya kushoto," akasema. Ndilo kosa la fundi anayekunja kitambaa vibaya, na kila fundi amelifanya mara moja. "Mimi nililifanya kwa gauni la bibi harusi. Mwenye nguo alipokuja sikumwambia ni mashine. Mchuma janga hula na wa kwao, sawa, lakini hawaachii wakale peke yao. Kesho nenda ukaseme."

Nikakata shauri. Jumamosi nikaenda kwa Dada Mkubwa, nikaambiwa yuko kiwanjani. Nikamkuta katikati ya kuta za magotini, kamba mkononi, viatu kavua. Fundi mkuu, mwanamume mkubwa mwenye tumbo la heshima, alikuwa amesimama mbele yake kumzuia njia.

"Mama, ulifukuzwa kazi. Unaingia hapa kwa ruhusa ya nani?"

Dada Mkubwa akatoa barua. "Soma hapo. Bwana Saini anasema kazi hii ni yangu tangu wazo la kwanza mpaka mstari wa mwisho. Nimekuja kwenye kazi yangu."

Fundi mkuu akasoma, akajikuna kichwa, akamwita mkunga. Mkunga akasema mwacheni. Siku ile nilimwona Dada Mkubwa akitoka kwenye karatasi na kuingia ndani ya jengo lake. Alipima kwa hatua, akapiga vigingi, akawaambia mafundi ukuta gani ubaki na upi usogee. Stoo na chumba cha kufulia, vilivyokuwa vimeangukia upande mzuri wa kivuli, alivifanya chumba cha kujifungulia kwa kuondoa ukuta mmoja na kuhamisha milango mitatu. Kile kilichoangukia barabarani akakikata kikawa stoo na ofisi ya kuandikisha. Tofali zilizopotea hazikufika hamsini. Ilipofika saa tisa mkunga alisimama ndani ya mistari ya chokaa, akajilaza chini na gauni lake jeupe, akatazama palipokuwa dirisha. "Naona mti," akasema.

Hapo ndipo nilipomvuta Dada Mkubwa kando, tukakaa juu ya tofali. Nikamwambia nakwenda kwa kamati na kwa Bwana Saini, nitasema ni mimi.

"Usithubutu," akasema.

"Dada, wanakutukana wewe kwa kosa langu."

"Nisikilize. Barua ninayo. Zimebaki siku kumi na moja. Ukisema ni wewe, Bwana Saini ataitwa aeleze mbona aliandika yote ni yangu mpaka mstari wa mwisho. Atasema aliandika kwa hasira. Atasema kosa ni la binti, na wazo lilikuwa lake mwenyewe. Nani atakataa?" Akafuta chokaa mikononi. "Nimeomba barua hii kwa wema nikakosa. Imekuja kwa ubaya. Mimi naichukua hivyohivyo. Kosa ndilo linaloishikilia, ukilitoa barua inaanguka."

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akanipa kamba nishike ncha ya pili.

Bodi ilikaa tarehe ishirini na nane. Wanaume saba, meza ndefu, feni inayozunguka bila kuleta upepo. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa kuwa kitabu cha ofisi kilionyesha mimi na yeye ndio tuliokuwa kwenye kazi ya kliniki wiki ile. Wakamwuliza kuhusu mzigo wa paa, maji ya mvua, upana wa ujia. Aliwajibu kwa sauti yake ya chini, na nilimwona mmoja wao akiandika jibu lake kwa ajili yake mwenyewe. Barua ya Bwana Saini ikasomwa. Wawili wakatabasamu waliposikia habari ya kugeuza.

Wa mwisho kwenye meza alikuwa mzee mkimya. Naye alikuwa amejifunzia kazini, alama za wino zilikuwa bado kwenye vidole vyake. Akachukua ramani yangu, akaiinua kwenye mwanga.

"Mtu wa miaka kumi na tisa kazini hageuzi karatasi," akasema. "Hili ni kosa la mwanafunzi." Akaishusha. Akanitazama mimi. "Binti, nani alinakili hii?"

Nilijua mzee ameshajua. Nilijua pia kwamba nikisema kweli, nitakuwa nimefanya alichoniambia mama, nitalala vizuri, na Dada Mkubwa atarudi nyumbani bila barua na bila kazi, na mlango utafungwa baada ya siku mbili. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni yeye," nikasema.

"Una hakika?"

Hapo ndipo nilipotia chumvi, Mungu anisamehe. Niliogopa hawataniamini. "Nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia, dada, naona umegeuza. Akanijibu nisimfundishe kazi, yeye alianza kuchora mimi bado nanyonya." Kwa mwaka mzima mwanamke yule hakuwahi kunijibu neno baya hata moja. Nilimsingizia mbele ya wanaume saba, uso kwa uso, na karani akaandika kila neno, na nikatia saini chini.

Mzee akafunga faili. "Basi," akasema, "kama kosa ni lake, na jengo ni lake."

Walimpa namba. Alikuwa mwanamke wa kwanza. Kwa miaka minne hakuwepo mwingine.

Nje, kwenye ngazi, nilishindwa kumkaribia. Yeye ndiye aliyenijia. "Kumbe umejaliwa mdomo, na ulinificha," akasema. "Eti nisimfundishe kazi." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi za Bodi, na penseli moja ikadondoka kutoka kwenye nywele, na sikujua saa ngapi kicheko kiligeuka kilio. Tukalia wote wawili, watu wanatupita. Kisha akajifuta, akasema tukatafute chumba cha kupanga, maana msanifu anahitaji ofisi.

Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Alinisomesha, alinisimamia, na nilipoingia mbele ya Bodi mimi mwenyewe, faili langu lilikuwa safi kama sahani. Faili lake halikuwahi kuwa safi. Habari ile ilipenda kusimuliwa. Alijenga maktaba, akajenga shule, akafundisha wasichana wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini chuoni kila mwaka mhadhiri mmoja aliwaambia wanafunzi wapya wakague kazi zao wasije wakawa kama yule mama aliyegeuza kliniki, na darasa likacheka. Mara nyingi nilimwomba aniruhusu niseme. "Namba yangu imekaa juu ya neno lako," aliniambia. "Nyamaza." Nikanyamaza. Na sitajifanya ilikuwa taabu tupu. Kunyamaza kulinifaa.

Alifariki mwaka jana, mzee, kitandani kwake. Bodi ikaifunga namba yake kama inavyofunga namba za marehemu wote. Siku ya mazishi mwakilishi wao alisimama akamsifu vizuri sana, wa kwanza miongoni mwa wanawake, mlezi wetu, kisha akasema kwa upendo kabisa kwamba hata yeye aliwahi kukosea, na akasimulia ile ya kliniki. Watu wakacheka, unajua kicheko cha msibani, chenye machozi ndani yake. Wajukuu wa Dada Mkubwa nao wakacheka.

Nikaomba kusema neno. Nikasimama, nikaeleza yote: msalaba, selotepu, mzee wa Bodi, uongo wangu. Nikasema aliyegeuza karatasi ni mimi. Nilipomaliza nikadhani sasa, hatimaye, wamejua.

Mwakilishi wa Bodi akatabasamu kwa heshima. "Mama, tumesoma kumbukumbu zile," akasema. "Shahidi ulikuwa wewe mwenyewe. Saini yako ipo."

Mjukuu mkubwa wa marehemu, yule aliyefuata kazi ya bibi yake, akaja akanishika mkono kunikalisha. "Bibi, inatosha," akaninong'oneza. "Sote tunajua jinsi ulivyompenda."